Huku Kwetu Ni Ulcers Tu

Mlango wa daktari kwa dispensari yetu ya Chepseon haufungiki, kwa hivyo foleni nzima husikia. Juzi mbele yangu aliingia mama mchuma chai.

"Shida gani, mama?"

"Ulcers. Vidonda vya tumbo."

"Na choo? Inakukimbiza, halafu inafunga?"

Foleni ikatega masikio. Mama akavuta leso mpaka kidevuni. "Ni ya kawaida, taktari."

"Nauliza juu kuna hii ugonjwa inaitwa irritable bowel, utumbo unasumbua bila kidonda."

Mzee mmoja kwa benchi akacheka. "Hiyo ni ya watu wa Nairopi! Sisi tunakunywa mursik, maziwa ya kibuyu!"

"Ni ulcers," mama akasisitiza, akapewa dawa ya ulcers.

Mimi ni jirani yake. Namuona akitoroka katikati ya majani chai ameshika tumbo, msimamizi akimfokea. Halafu tunaambiwa ugonjwa huu ni wa mjini. Of course! Huku nani atajitaja, mlango ukiwa wazi hivyo?

Zamu yangu ikafika. Nina degree ya public health, kazi sina, na tumbo ni kama la huyo mama.

"Shida gani, kijana?"

Nikaangalia mlango.

"Ulcers, daktari."

Huko nje nikamsikia yule mama, bado akifunga dawa zake kwa leso, akisema, "Woi, pole. Hizo husumbua."