Ukuta wa York na Simu ya Ijumaa

Wenzangu tuliokua kabla ya simu za mkononi, nyie mlikuwa mnasafiri vipi? Sisi kwetu Korogwe tulikwenda Uingereza kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, miguu peku, tumekalia mkeka.

Baba alikuwa mpishi wa mwalimu mmoja Mwingereza. Mwalimu yule aliporudi kwao alimwachia sufuria mbili na kalenda yenye picha za mji wake, York. Miaka ikapita, kalenda haikubanduliwa. Baba akatugawia miezi. Kaka alipata Januari, kanisa kubwa lenye minara. Dada Zuhura alipata Mei, kichochoro cha zamani ambacho ghorofa za juu zimeinamiana hadi zinataka kugusana. Mimi kitindamimba nikapewa Septemba: ukuta wa mawe unaouzunguka mji, na watu wanatembea juu yake.

Kila mmoja alikuwa mwenyeji wa picha yake. Unasimama na fimbo, unasema "karibuni wageni", unaeleza. Na hatukujua kitu, tulikuwa tunatunga! Mimi nilisema ukuta ulijengwa ili nguruwe wasile mahindi ya mfalme. Baba akaitikia kwa kichwa kwa heshima zote, muhogo mdomoni, akaniambia, "Taratibu, mama, wageni wengine wazee." Mama naye akipita na ndoo anaguna: "Watu wako Ulaya, kuni hazijaletwa!" Jamani, raha ile, na chai ya mchaichai inanukia nyumba nzima. Mwisho wa matembezi baba aliuliza swali lake lilelile, nani atampeleka York yenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa nanyoosha mkono.

Nikawa mtu mzima, nikaja Doha kulea watoto wa watu, huku Al Rayyan. Jua la hapa likizidi, wenye uwezo hukimbilia Uingereza pamoja na yaya wao. Mwaka jana madamu, mwajiri wangu, alipoutaja mji tunaokwenda, nilidondosha pasi. Baba wakati huo alikuwa mgonjwa, analala kwa dada Zuhura. Nilipomwambia kwenye simu ya video, alicheka hadi akakohoa. "Ukifika juu ya ukuta nionyeshe," akasema. "Nionyeshe huku unatembea."

Nikafika. Ilikuwa Jumanne asubuhi, nikapanda ngazi za mawe, mtoto mgongoni. Nikaliona kanisa la kaka, lipo kweli, kubwa kuliko nilivyodhani. Machozi yakanitoka mbele za watu. Watoto wakubwa wa madamu walikuwa wamekaa kwenye ngazi wanatazama video ya paka. Ukuta wa mamia ya miaka, wao paka! Sisi tungeubusu.

Madamu aliniona nalia, akaniambia nimpigie baba palepale. Nikamjibu, "Ijumaa, madamu."

Mnaoishi huku mnanielewa. Nyumbani tunapiga Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, na kule nao wanajua. Kila Ijumaa baba alikuwa anaogeshwa, anavalishwa kanzu na kofia, anakalishwa, anangoja. Kumkuta Jumanne na fulana yake ya kulalia niliona ni kumvunjia heshima. Tena kwetu simu ya katikati ya wiki ni ya msiba, ningewashtua. Nikairudisha simu mfukoni. Tulikuwa tunaondoka Jumamosi, nikajiambia muda upo.

Alhamisi saa nne asubuhi simu ikalia. Nilipoona jina la dada, siku ile, nikajua kabla sijapokea. "Mwanaidi, baba hatunaye." Walimzika alasiri ileile. Ijumaa, saa yetu ya kuongea, nilipanda ukutani, simu mkononi, nikazunguka nusu ya mji bila wa kumwonyesha. Dada aliniambia baadaye, wala si kwa ubaya, kwamba tangu Jumatatu baba alikuwa anauliza, "Hajapanda bado?" Na yeye anamjibu, "Ngoja Ijumaa, baba."

Zamani hatukuwa na kitu, na baba tulimfikisha York kabla chai haijapoa. Leo nina simu inayofika Korogwe kufumba na kufumbua, na nilishindwa kumtoa kitandani hata kwa dakika moja. Nilikuwa nawacheka mabinti wa siku hizi hapa Doha, wanaowapigia wazazi wao simu ya video huku wanasuka nywele, mdomo umejaa chipsi, salamu haina hata staha. Kumbe wao ndio wenye akili.

Siku hizi nampigia dada Jumanne, Jumatano, siku yoyote. Mwanzoni alikuwa anapokea kwa kuuliza: "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa," namwambia. "Nimepiga tu, dada. Nimechoka kungoja Ijumaa."