Kifuniko cha Maziwa

Korona ilipofika Garissa niliacha kwenda sokoni. Nikawa naagiza vitu kwa simu, bodaboda anaacha unga na sukari getini, nami naosha kila pakiti kwa sabuni. Hata vitunguu niliviosha, huku nikijicheka. Nyumbani kwetu Galbet tulikuwa wawili tu, mimi na ayeeyo, nyanya yangu aliyenilea, na alikuwa na pumu ya miaka mingi.

Kitu kimoja tu hakikuwa cha kuagiza kwa simu. Ayeeyo hunywa maziwa ya ngamia, na yale ya pakiti aliyaita maji ya kunawia mikono. Siku tatu hakugusa kikombe. Siku ya nne nikavaa barakoa nikaenda.

Mama muuza maziwa ananijua tangu utotoni. Alifungua jerikeni, akamimina kidogo kwenye kifuniko, akaninyooshea. Kwetu hununui maziwa bila kuonja, na kifuniko ni hicho hicho kwa wateja wote.

"Leo sionji, mama," nikasema.

"Kwani yangu yameharibika?"

Wauzaji wenzake wakageuka kunitazama. Aibu ikanishinda. Mimi, muosha vitunguu, nikashusha barakoa nikaonja. Yalikuwa matamu. Nikiwa bado nalipa, mama yule akakohoa.

Nilirudi nyumbani mbio. Ayeeyo sikumwambia, ila niliamua kujitenga naye siku kumi na nne, kama serikali ilivyoagiza. Niliyachemsha maziwa, nikayaweka mlangoni mwa chumba chake, nikaondoka upesi. Chakula pia hivyo hivyo. Akiniita nikae naye, nilijifanya nina kazi. Kila alipokohoa, na mtu wa pumu hakosi kukohoa, niliona nimemuua kwa mkono wangu.

Wiki ilipoisha nilisimama uani, nikamuuliza kupitia dirisha niagize nini dukani.

"Mchele," akasema. "Majani ya chai. Na bafta nyeupe, ya kumtosha mtu mmoja."

Bafta ya kumtosha mtu mmoja ni sanda. "Ya nani, ayeeyo?"

"Yangu. Unaniwekea chakula mlangoni na kukimbia. Umeona nina ule ugonjwa, unaogopa tu kuniambia."

Nikamweleza yote pale pale dirishani, nikilia: kifuniko, aibu, kile kikohozi. Akapitisha mkono kati ya nondo za dirisha, akaninyooshea.

Sikuushika. Zilikuwa zimebaki siku saba.