Nyasi za Rweya

Nimerudi likizo kutoka bweni nikakuta Baba ametia saruji sakafuni. Kila anayeingia anasifu. Na mimi nilisifu, maana kubisha mbele za watu siwezi, kisha nikaenda kukaa nyuma ya nyumba. Wewe uliyekulia huku Muleba utanielewa: nyumba haina nyasi, basi haina harufu.

Nilipokuwa mdogo, kila Jumamosi tulipanda rweya, ule uwanda mtupu juu ya migomba, kukata nyasi za kutandaza ndani. Tulikuwa Bibi, mimi na jirani yetu. Jirani aliletwa kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, wazazi walipokuja kuchuma kahawa. Babu aliwapa pembe ya kibanja, shamba letu la migomba, wajenge. Walipokufa walizikwa huko rweya, naye akabaki peke yake, hakujaliwa mtoto. Kihaya chake kilikuwa kitamu kuliko changu, na senene hakuna aliyewakaanga kama yeye. Nikitandaza ovyo alinicheka: "Nani atakuoa, waitu? Nyasi zako kama nywele za mtu aliyekurupuka usingizini." Alitaka ncha zote zielekee ndani, ili mgeni aone anakaribishwa.

Tukipumzika juu kule alimwambia Bibi, "Mimi usinilete kwenye upepo huu. Nilaze kwenye migomba."

"Utalala kwetu," Bibi alijibu.

Shuleni mwalimu alitufundisha kwamba katika ujamaa hakuna makabila, sote ni ndugu. Niliamini kabisa. Kwa hiyo jirani alipofariki, wakati wa masika, nililia, lakini sikuwa na wasiwasi atalala wapi.

Wanaume wa ukoo walikaa uani wakitafuna punje za kahawa. Bibi akapiga magoti, akaomba alazwe kwenye migomba. Mkubwa wa ukoo, ambaye ndiye aliyekuwa akituita ndugu kwenye mikutano ya kijiji, alijibu kwa upole.

"Alikuwa mtu wetu, nani anakataa? Lakini kibanja ni cha mifupa ya ukoo. Tukimlaza humu, kesho ndugu zake watakuja kudai."

"Ndugu zake ni sisi."

"Hata hivyo, mama."

Baba alitazama chini. Wakampeleka rweya.

Jumamosi iliyofuata Bibi alikwenda moja kwa moja kaburini, akakata nyasi zilizolizunguka. Nyumbani alitandaza mwenyewe, polepole, ncha zikielekea ndani. Alipomaliza akaninong'oneza, "Ameingia." Tangu hapo hakukata nyasi mahali pengine mpaka miguu ikamshinda.

Bibi naye hayupo sasa. Amelala kwenye migomba, karibu na Babu.

Leo nilipanda peke yangu. Nyasi zilinifika kiunoni, hakuna anayezikata tena, na kaburi sikuliona. Nilikata tita dogo palepale nilipodhani ndipo, nikashuka nalo mpaka mlangoni. Mama alikuwa anapiga deki saruji yake, anaimba. Nikaliacha nje.