Mahindi ya Chumbani kwa Costancia

Dumuzi, mdudu wa mahindi wa hapa kwetu Masanze, nawaambia, hutafuna mlango na komeo lake. Ndiyo maana shoga yangu Costancia huweka magunia ya mahindi chumbani, kando ya kitanda. Mumewe alipofia humo usingizini mwaka jana, Costancia alidai kuwa jirani yetu Agatha ndiye mchawi aliyemroga.

Juzi bwana afya alikuja kukagua nyumba. Akafungua gunia, akaziba pua.

“Bibi, nani katia vidonge vya kuua wadudu humu?”

“Mimi, mwanangu. Kila mavuno.”

“Hewa yake huua hata watu. Usilale humu tena.”

“Basi mzee wangu nilimuua mwenyewe,” alisema Costancia.

Jioni alikwenda kubisha hodi kwa Agatha. Tulimsikia Agatha akikohoa ndani, lakini hakumkaribisha.