Mke Mwenza wa Mbao

Miaka ile ya ruksa, shirika la umma alilofanyia kazi mume wangu lilipouzwa, wafanyakazi walipewa kiinua mgongo na mkono wa kwaheri, na kila mmoja akaamka kesho yake akiwa mfanyabiashara. Jirani yetu wa kulia pale Mkuyuni alifuga kuku wa kisasa, wakafa kisasa. Wa kushoto alileta mitumba, mkewe na binti zake wakauvaa mtaji wote. Mume wangu alikuwa karani wa stoo, tena mtoto wa wafuga ng'ombe, na safari yake ndefu kuliko zote majini ilikuwa pantoni ya Busisi, akiwa ameketi ndani ya basi. Yeye akanunua mashua.

Tena si mashua ya injini, msimfikirie vibaya. Ya tanga.

"Bei ya mafuta wameiachia, Mwalimu," aliniambia. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi, na hata nyumbani aliniita hivyo kila alipokuwa na neno. "Inapanda kila kukicha. Lakini upepo ni wa bure. Nitabeba mihogo na mkaa kutoka ng'ambo, wenye injini watanitambua."

Nikamwambia asubiri kidogo, watauuza na huo upepo.

Jumapili baada ya ibada alinipeleka kuiona, nikiwa na viatu vya kanisani. Ilikuwa imefungwa kati ya mawe, imepakwa rangi ya buluu juu na kuachwa na uzee wake chini. Tanga lilishonwa kwa mifuko ya unga wa msaada, na katikati kabisa bado yalisomeka maandishi kwamba mzigo huo hauuzwi. Mume wangu alikuwa ameununua.

"Unaionaje?"

"Naona maji ndani."

"Hayo ni ya kulainisha mbao," akasema kwa kujiamini. Elimu hiyo alipewa bure na mzee wa Kikerewe aliyemuuzia, kama nyongeza.

Niseme mapema, kwa sababu watu wengi walidhani naringa. Mimi ni Mhaya. Kwetu ziwa tulilitazama kutoka juu, migombani, na kwa kulitazama ni zuri sana. Nilipokuwa msichana, baba yangu alivuka asubuhi kwenda visiwani kununua samaki, hakurudi yeye wala mtumbwi wala kofia yake. Kwetu mwili usipoonekana, hukatwa shina la mgomba, likavishwa sanda, likazikwa kama mtu. Nilirusha udongo juu ya mgomba. Nilimwona mama akikalia matanga ya mgomba. Kwa hiyo sikuichukia mashua kwa sababu ya rangi yake. Nilikuwa na mume mmoja tu, na nilitaka siku ikifika nimzike yeye mwenyewe.

Mume wangu aliijua habari hiyo. Alisema tu, "Nyie Wahaya mna mambo," akaenda kununua kamba.

Alikodi mabaharia wawili, watu wazima waliozaliwa pwani ya ziwa. Siku ya kwanza ya kazi walifika alfajiri, wakaketi juu ya jiwe, wakakataa kuigusa. Walimuuliza kama mama mwenye nyumba ameshaipokea. Ipokewe vipi? Wakamweleza: mashua mpya ni mke. Haiingii kwenye mji wa mtu kimyakimya. Mke aliyetangulia lazima aje ufukweni na maji na unga wa mtama, amkaribishe mwenzake kwa kinywa chake, kisha apande safari ya kwanza. Asipofanya hivyo mashua huona wivu, na mashua yenye wivu humchukua bwana jumla.

Mume wangu alirudi nyumbani anahema. Kwa mara ya kwanza aliniomba ruhusa ya kununua mashua, wiki tatu baada ya kuinunua.

"Ni maji kidogo tu, Mwalimu, na unga kiganja kimoja."

"Na kupanda?"

"Na kupanda kidogo."

"Kupanda kidogo ni mguu mmoja?"

Nikakataa. Sikupiga kelele, nilikataa tu, nikaendelea kusahihisha madaftari. Basi nikaletewa wajumbe. Wifi yangu alitoka Kiseke na mfuko wa michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa kunilainisha.

"Wifi, wanaume wanaweka nyumba ndogo na wake zao wananyamaza," alisema. "Hii ya mbao, haili, haizai, haiombi kitenge, ndiyo unaikatalia?"

"Nyumba ndogo haijawahi kuzama," nikamjibu. Michembe niliipokea.

Mchungaji naye akaja kunikumbusha kwamba hata Bwana alilala ndani ya chombo. Nikamkumbusha kwamba Bwana alipoamshwa aliikemea dhoruba, ilhali mume wangu akiamshwa huuliza chai iko wapi. Mchungaji akaomba kwa kifupi, akaaga.

Mume wangu aliendelea kwenda ufukweni kila asubuhi. Alivaa shati la ofisini, kalamu mfukoni, akashuka kwenda kukaa ndani ya mashua iliyofungwa kwenye jiwe. Alichota maji kwa kopo, yakaingia mengine, akayachota na hayo. Wenye injini walipita wakimpungia mkono, na yeye akawapungia kama bosi. Nilimwona siku moja nikitoka shuleni. Iliniuma. Mtu aliyekuwa na funguo za stoo nzima, sasa analinda maji kwenye mashua. Nilipita njia ya juu ili asijue kwamba nimemwona.

Kisha asubuhi moja, chai ikiwa mezani, akatangaza, "Leo nakwenda mwenyewe. Wale jamaa wakae na mila zao. Kusukuma tanga nimeshajua."

Tanga halisukumwi. Hilo hata mimi wa migombani nalijua. Nilicheka, nikacheka tena, mpaka nikaona amejifungia viazi vya mchana kwenye kitambaa. Kicheko kikaniishia mdomoni. Alikuwa anakwenda kweli.

Hapo ndipo nilipoona jinsi wale watu wa ziwa walivyonibana. Nisipoipokea, atakwenda peke yake, na hajui kuogelea. Nikiipokea, atakwenda na watu wanaojua maji. Njia pekee ya kumzuia asife ilikuwa kumpa baraka zangu. Nikachukua unga wa mtama, nikachukua jagi la plastiki kwa kuwa kibuyu hatukuwa nacho, nikamtangulia mlangoni.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Kupokea mgeni wako."

Mabaharia waliitwa, wakavua kofia. Pale ufukweni nikaimwagia mashua maji, nikaipaka unga kwenye ubao wa mbele. Mmoja akaninong'oneza niseme neno, lolote, mradi litoke moyoni.

"Karibu, mwenzangu," nikasema. "Mimi nilikuja na masanduku mawili, wewe umekuja na tundu. Sisemi kitu. Huyu bwana hajui kuogelea. Mchana ni wako, jioni umrudishe."

Nilidhani watacheka. Hawakucheka. Waliitikia kama watu walio kanisani, kisha wakaniinua wakaniingiza ndani kama gunia la mihogo.

Safari yenyewe ilikuwa kuzunguka jabali moja na kurudi. Niliketi chini kabisa, nimeshika ubao kwa mikono yote miwili. Tanga lilijaa upepo kwa mshindo, mashua ikalala upande, nikaanza wimbo wa Kihaya na kurukia moja kwa moja ubeti unaohusu kifo.

"Unaonaje, Mwalimu?" mume wangu akauliza nyuma yangu.

"Sioni. Nimefumba macho."

Hakuuliza tena. Nilimsikia akisogea karibu, nikadhani anatafuta mahali pakavu, nikamtakia heri.

Mashua ilipogusa mchanga nilifumbua macho, nikasimama nishuke kwa haraka. Nikavutwa nyuma. Nilidhani khanga imenasa kwenye msumari. Kutazama, pindo lake lilikuwa limefungwa fundo kwenye mkanda wa suruali ya mume wangu.

"Umefanya nini?"

"Nimefunga."

"Asiyejua kuogelea anamfunga asiyejua kuogelea!" nikamwambia, na watu ufukweni wakageuka. "Hivi ungeniokoaje, wewe?"

Aliinama kulifungua fundo. Maji yalikuwa yamelikaza.

"Sikuwaza kuokoa," akasema bila kuinua kichwa. "Sikutaka tu upotee peke yako."

Mabaharia wakajifanya wanakunja tanga. Nami, mwenye jibu kwa wifi na kwa mchungaji, nilisimama ndani ya mashua ile, maji yakiingia viatuni, nikamsubiri afungue.