Tryphena Anayefungiwa Kupumzika

Mwaka wa 1976 Danson alimshusha mama yake kutoka mlima wa Sagalla, akamleta kwake mjini Voi apumzike. Alikuwa karani wa reli, ana mshahara na nyumba yenye geti, na watu walikuwa wameanza kumteta kwamba mama wa karani bado anapanda mlima na debe la maji kichwani. Akamnunulia kiti kizuri chenye mito, akakiweka barazani, akaajiri na msichana wa kupika na kufua. Tryphena Wakesho, mjane aliyelima miteremko tangu utotoni, akaketi. Alishukuru kwa moyo wote, maana si kila mtoto humkumbuka aliyembeba mgongoni.

Kabla ya mvua za vuli kichwa chake kikaanza kumfanyia vituko. Alimwita msichana wa kazi kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Alianza wimbo wa kanisani akakwama ubeti wa pili, yeye aliyekuwa akiwafundisha akina mama kwaya bila kushika kitabu. Aliogopa. Kule mlimani alimjua mzee mmoja aliyefikia kutomtambua mkewe, na Tryphena hakuogopa kifo kama alivyoogopa hilo.

Lakini alikuwa mtu wa kuchokonoa mambo. Badala ya kulia akaanza kujichunguza, kama anayetafuta mahali paa linapovuja. Alimwomba jirani yake Wayua, Mkamba muuza maharagwe, amfundishe Kikamba, apate kujua kama kichwa bado kinashika kitu kipya. Maneno aliyofundishwa wakiwa wameketi wakichambua maharagwe yaliyeyuka yote kufikia asubuhi. Kisha siku moja msichana akashikwa na homa, basi Tryphena akafuatana na Wayua sokoni kwa miguu, wakipiga gumzo njia nzima. Kesho yake maneno ya njiani yalikuwepo, yametulia. Safari kwa Kikamba ni kyalo. Hata ule ubeti wa pili ulirudi wenyewe.

"Labda ni bahati tu, Mama Danson," Wayua alisema.

"Basi tuijaribu tena hiyo bahati."

Wakaijaribu. Alikaa siku kadhaa makusudi, kichwa kikawa kizito. Akatembea, kikawa chepesi. Alijiuliza damu inafanya nini huko juu miguu inapokwenda, na kama ni miguu tu au hata jembe lingefaa. Hakupata jibu, lakini swali lenyewe lilimfurahisha kuliko kitu chochote tangu ahamie mjini. Ikawa kila asubuhi Danson akishaenda kazini, naye anatoka, anafuata kijia kilicho kando ya reli huku akirudia maneno yake ya Kikamba kwa sauti.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Noah, aliyefanya kazi na Danson stesheni, alimkuta huko peke yake, jasho likimtiririka, akisema kwa lugha isiyo yake na mtu asiyeonekana. Alimpakia kwenye baiskeli kwa upole mwingi, akamrudisha nyumbani. Tryphena alijaribu kumweleza, lakini kadiri alivyoeleza habari za miguu na akili ndivyo Noah alivyozidi kuitikia, "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama." Jioni hiyo Danson alirudi nyumbani na kufuli.

Sasa alikaa kwelikweli. Alipojaribu kuzunguka uani, msichana alimshika mkono akamrudisha kitini, kama alivyoagizwa. Kikamba kikamtoka chote; Wayua akimsalimu kutoka upande wa pili wa ua, yeye alibaki kumtazama tu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba aliuona mtego. Alifungiwa, akasahau; na alivyosahau, ndivyo Danson alivyozidi kuamini kwamba alifanya vyema kumfungia. Bwana karani hakuwa mtoto mbaya hata kidogo. Alikuwa na mapenzi mengi, na ufunguo mfukoni.

Jumapili moja, baada ya chakula, Tryphena alimwita.

"Danson, nifungulie geti."

"Mama, huko nje kuna malori, na ndovu wanakuja mpaka kwenye reli. Na wewe juzi umeniita kwa jina la baba."

"Nimekuita hivyo kwa sababu umenikalisha. Ulipokuwa darasa la nne, ukikaa na hesabu ulikuwa unalia. Nikakwambia weka hiyo slate, unifuate kisimani. Kuzidisha ulijulia wapi?"

Danson alitaka kucheka, akajizuia. "Njiani."

"Ukibeba nini?"

"Maji, Mama." Akajifuta uso. "Lakini ukipotea huko, nitawaambia nini watu wa Sagalla?"

"Na nikipotelea hapa kitini, utawaambia nini?"

Hakusema kwa hasira. Alikuwa akitaka kujua kweli, kama alivyotaka kujua mambo mengine yote, na akamngojea mwanawe ajibu. Tryphena aliyaona macho ya Danson yakilengwa na machozi, naye akasikia uchungu, kwa maana alikuwa mtoto wake bado. Hatimaye Danson akainuka, akaingia ndani.

Alikaa huko kitambo. Alipotoka alikuwa na ufunguo mkononi, na amevaa viatu vya kutembelea.