Jiwe Nililolisugua Ugiriki

Nikisema nimewahi kufika Ugiriki, watu hushtuka. "Wewe? Kutalii?" Nabadilisha mada haraka, maana nikiikumbuka safari ile uso unaniwaka.

Nilikuwa mfanyakazi wa ndani kwa familia moja mtaa wa Al-Hamra, Jeddah. Kiangazi kile wakanibeba hadi mji mdogo wa bandari huko Ugiriki, nimwangalie binti yao mdogo. Madam alikuwa ameniahidi kwamba tukirudi atanipa likizo nikamwone mwanangu, ambaye miaka yote niliyokuwa Jeddah alinijua kwa simu tu. Basi nikawa mtu wa ndiyo madam, sawa madam.

Siku ya pili tukapanda kwenye magofu ya kale juu ya bandari. Madam hakuamini usafi wa mtu yeyote duniani; hata huko nilibebeshwa mkoba wa sabuni ya maji, brashi na vitambaa. Akaona jiwe la marumaru, akataka mtoto alikalie apigwe picha. "Yalla, safisha!" Nami, kwa mazoea ya kuosha baraza lake kila asubuhi, nikapiga magoti, nikamwaga sabuni, nikasugua kwelikweli. Povu likatiririka juu ya maandishi ya watu wa kale. Mara firimbi ikalia.

Mlinzi alikuja mbio akifoka kwa Kiingereza. Watalii wakasimama, simu juu, na mimi bado niko chini na brashi yangu. Akauliza nani amenituma. Madam alilielewa swali vizuri sana, lakini aligeuka akatazama bahari, kisha akasema, "Huyu hana akili."

Mtoto akadakia kwa Kiarabu, "Mama, si ni wewe umemwambia?"

Nikamfikiria mwanangu. "Ni mimi mwenyewe," nikamwambia mlinzi. Watu wakacheka. Jamani, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Povu lile nililifuta mwenyewe, mlinzi akinisimamia.

Likizo nilipewa. Siku ya kwanza nyumbani, nimekaa sebuleni na mama yangu, tukasikia kikombe kikivunjika jikoni. Kabla mama hajauliza nilishasimama: "Ni mimi! Samahani, ni mimi!"

Mwanangu akachungulia mlangoni, kipande cha kikombe mkononi, akinishangaa. "Mama, si ni mimi nimekivunja?"

Nilishindwa kumtazama usoni.